Karata Moja, Daftari Moja: Kujitafakari kwa Taroti na Karata za Orakoli

Anayecheza karata kwa Kiswahili tayari anajua nusu ya taroti, ile pakiti ya karata za picha inayojulikana zaidi kwa kupigia ramli, ila hajaambiwa. Majina ya makundi manne tunayoyatumia yametoka kwa Wareno: kopa ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu, na pau, ambayo wengine huiita maua, ni magongo. Ndiyo maana jina na picha haviendani katika pakiti ya kawaida; tunasema kopa huku tukiangalia moyo mwekundu. Katika taroti vinaendana. Kopa ni kikombe kweli, shupaza ni upanga, uru ni sarafu, pau ni fimbo. Hata turufu imo. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa karata wenye turufu zake za kudumu, na Wafaransa wanaucheza mchezo wa aina hiyo mpaka leo. Ile habari kwamba karata hizi ni hekima ya siri ya Misri ya kale iliandikwa na mwandishi Antoine Court de Gébelin huko Paris mwaka 1781, wala hakuwa na ushahidi wowote.

Ukilijua hilo, pakiti inapungua uzito mkononi. Hapa hatupigi ramli. Karata haiijui kesho yako, wala haimjui aliyekuudhi jana. Ni picha iliyokuja kwa bahati nasibu, na faida yake iko hapo hapo: ukiachiwa ujichagulie jambo la kutafakari, utachagua lile lile la jana na juzi. Picha usiyoichagua inakusogeza ulitazame jambo lako kwa upande ambao usingeujia mwenyewe.

Pakiti ipi

Taroti kamili ina karata 78. Turufu ni 22, kuanzia Mjinga mwenye namba 0 hadi Ulimwengu mwenye namba 21. Zilizobaki 56 ni makundi manne ya karata 14 kila moja: ree hadi kumi, halafu watu wanne, yaani tarishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Pakiti ya kuchezea ina watu watatu tu kwa kila kundi. Aliyezidi huku ni mpanda farasi.

Anayeanza achukue pakiti ambayo hata karata ndogo zina picha za watu wakifanya jambo. Mfano wake mkuu ni pakiti ya Rider-Waite iliyotoka London mwaka 1909, iliyobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Nyingi zilizofuata zimeiga michoro ya Smith, kwa hiyo ukiizoea hiyo hutapotea kwenye nyingine. Mtindo wa zamani zaidi, ule wa Marseille, ni mzuri kwa macho lakini sita ya shupaza ndani yake ni panga sita zilizopangwa kwa pambo, basi. Njia tunayoieleza hapa inategemea kutazama, na anayeanza hatapata mengi ya kutazama hapo.

Karata za orakoli ni pakiti za kutafakari zisizo na turufu wala makundi ya taroti; hazina mpango maalumu. Kila mtengenezaji huamua idadi yake, mara nyingi kati ya 30 na 60, na karata huwa na picha pamoja na neno au sentensi fupi: Subira, Mpaka, Achilia. Uzuri wake ni kwamba hazihitaji kujifunza kitu. Ubaya wake ni kusifia. Ziko pakiti ambazo kila karata inakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: unapendwa, unaweza, mema yanakuja. Mtu hatafakari akisifiwa, anafurahi tu. Kabla ya kununua, pitia karata zote kama inawezekana na uhesabu zile ambazo ungekerwa kidogo kuziona asubuhi. Zikiwa chini ya kumi, iache.

Vingine vinavyohitajika ni daftari, kalamu na saa ya kuhesabia dakika. Ubani, mawe na mishumaa ni hiari ya mtu, havibadilishi chochote. Kitambaa kina kazi halisi: karata hazichubuki mezani na vidole vinaziinua kwa urahisi.

Swali kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo wengi wanapopita mbio. Swali baya huharibu dakika zote 15 zinazofuata. Swali baya ni lile linalotaka ndiyo au hapana, au linalomhoji mtu asiyekuwepo. «Atanipigia?» haliwezi kujibiwa na kipande cha karatasi. «Ananionaje bosi wangu?» ni baya zaidi, kwa sababu picha yoyote itakupa jibu, nawe utaingia kazini ukimtazama bosi kwa jicho la jibu hilo.

Swali zuri lina alama tatu. Linaanza kwa nini, wapi au vipi. Mtendaji ni mimi. Na lina mpaka wa muda: leo, wiki hii, mkutano wa kesho. «Atanipigia?» linageuka «Ninaogopa nini katika kuanza mimi kumpigia?» Lile la bosi linageuka «Ninajibebaje ninapokuwa mbele yake, na napoteza nini kwa kujibeba hivyo?» Liandike kabla ya kugusa karata. Likibaki kichwani litabadilika lenyewe ukishaiona picha, na hutajua kwamba limebadilika.

Siku ambayo huna swali, tumia hili: «Leo nisipite bila kuona nini?» Ni pana, lakini bado linakuelekeza kwako na kwa leo.

Kuchanga na kuvuta

Karata za taroti kwa kawaida ni kubwa kuliko za kuchezea. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 70 kwa 120, wakati za kuchezea ni 63 kwa 88. Mkono mdogo hauwezi kuzichanga kwa kuzipapasanisha kona kwa kona, yaani kuzigawa mafungu mawili na kuachia kona zake ziingiliane, bila kuzikunja. Wengi basi huzichanga kwa kutoa fungu dogo dogo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hapo kuna kasoro: njia hiyo inachanganya taratibu mno. Karata zilizokaa jirani jana zinabaki jirani leo, na ukikata karibu na pale pale unakutana na kundi lile lile. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba hata kwa kupapasanisha vizuri, karata 52 zinahitaji kuchangwa mara saba. Zako ni 78.

Njia iliyo rahisi na isiyoziumiza: zimwage zote kifudifudi juu ya kitambaa, weka viganja viwili juu yake, uzikoroge kwa mizunguko mipana kwa dakika nzima. Zikusanye, zinyooshe kingo, kata mara moja kwa mkono usiouandikia, weka fungu la chini juu, uvute ya kwanza.

Kukoroga hivyo hugeuza baadhi ya karata juu chini. Vitabu vingi vina maana za pekee kwa karata iliyopinduka. Kwa miezi mitatu ya mwanzo ziache. Ikija imepinduka, inyooshe tu. Kujifunza picha 78 ni kazi tosha bila kuifanya 156. Ukishazoea, soma iliyopinduka kuwa ni jambo lile lile lililozuiwa, au linalotendeka ndani kwa ndani bila wengine kuliona.

Karata ikidondoka wakati wa kuchanga, wako wanaosema «imeruka yenyewe» na kuipokea kama ujumbe. Imedondoka kwa sababu mkono umeteleza. Irudishe.

Kanuni isiyo na msamaha ni hii: ya kwanza ndiyo hiyo. Usipoipenda, usivute nyingine ya «kufafanua». Kuvuta mpaka ipatikane inayopendeza ni kujichagulia upya lile la jana, tena kwa mzunguko mrefu.

Dakika mbili, kitabu kimefungwa

Weka saa dakika mbili. Tazama picha, andika vitu vitano unavyoviona. Andika kinachoonekana, maana iache kwanza. «Huzuni» hakionekani. «Kichwa kimeinama» kinaonekana. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho lakini ndiyo inayofanya zoezi lizae kitu.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Swali: «Katika kazi za wiki hii, nini ninakibeba vibaya?» Karata iliyokuja ni kumi ya pau, katika mchoro wa Smith. Mtu ameinama, amekumbatia fimbo kumi, anatembea kuelekea kwenye nyumba.

Haraka haraka mtu ataandika: «Mzigo mzito, nimechoka, nipumzike.» Kisha atafunga daftari. Sentensi hiyo ni kweli, lakini ni kweli kwa kila anayefanya kazi duniani, na haimwambii afanye nini saa nne asubuhi. Rudi kwenye picha. Fimbo hazijafungwa kwa kamba. Amezibeba kwa mbele, uso umezama ndani yake, kwa hiyo haoni njia. Mikono yote miwili imeshikwa. Hakuna mwingine karibu. Nyumba iko mbele yake, haiko mbali hivyo.

Hivyo ni vitu vitano. Sasa visome tena polepole, uone ni kipi kinachokuchoma. Kinachochoma hakitafutwi kwa mantiki. Kalamu husita hapo, au mtu hujisikia kutaka kuruka haraka aende kinachofuata. Tuseme ni kamba. Hakuna kamba. Andika sentensi inayoanza na «Katika jambo langu, hii ni…» na uimalize: katika jambo langu, hii ni jumbe ninazozijibu moja moja kila zinapoingia, hivyo kila moja ni fimbo iliyolegea inayotaka kuanguka. Mzigo wenyewe huenda si mkubwa. Haujafungwa tu.

Mwisho andika hatua moja, yenye saa na kiasi: kesho saa nne hadi saa tano nitajibu jumbe zote kwa mkupuo, simu ikiwa kimya kabla ya hapo. Hatua isiyo na saa ni nia njema. Hatua tatu ni nyingi. Utafanya ile nyepesi na kujipongeza.

Baada ya hapo fungua kitabu cha maana kilichokuja na pakiti. Kikisema jambo ambalo hukuliona, liongeze. Kikipingana nawe, andika yote mawili, huna wajibu wa kukitii. Ukikifungua kwanza, macho yataona kilichoandikwa tu na picha itakuwa imekufa.

Mtihani wa sentensi

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao na kuwaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowalenga. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maandishi yale yale. Sentensi za kama «una uwezo ambao bado hujautumia» zinamwingia kila mtu, na karata zimejaa sentensi za aina hiyo, hasa za orakoli.

Kwa hiyo kila unachoandika kipitishe hapa: ningemsomea jirani sentensi hii, naye angesema inamhusu? Kama ndiyo, bado si yako. Itie jina la mtu, siku, mahali au kiasi mpaka ikatae kumfaa mwingine. «Nahitaji kuweka mipaka» itavuka mikono mia. «Jumapili jioni nilikubali kazi ya mwenzangu kwa kuwa niliona aibu kukaa kimya» haivuki hata mmoja.

Picha ikikaa kimya

Zipo siku picha haisemi. Hapo tumia kundi na namba kama ngazi ya kupandia. Kwa desturi kopa ni hisia na mahusiano. Shupaza ni mawazo, maneno na ugomvi. Uru ni mwili, fedha na kazi za mikono. Pau ni ari na juhudi. Ree ni mwanzo, mbili ni kuchagua, tatu ni kushirikiana, nne ni kutulia, tano ni kuvurugika, sita ni kupata nafuu, saba ni kupimwa, nane ni mwendo, tisa ni kukaribia, kumi ni kikomo. Tano ya kopa basi ni hisia zilizovurugika, na ukirudi kwenye picha utamwona mwenye joho jeusi akitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, viwili vilivyosimama viko nyuma yake. Huu ni mpango wa kurahisisha, tena si karata zote zinazoutii. Usiukariri kama sura ya mtihani.

Watu, yaani tarishi hadi mfalme, wasome kama namna ya kuenenda. Vitabu vya zamani vitakuambia malkia wa shupaza ni mwanamke fulani anayekuja maishani mwako. Achana nayo. Uliza: leo wapi nahitaji ukali wake wa maneno, na wapi nimeuzidisha?

Neno la orakoli nalo lina dawa yake, kwa sababu likija «Subira» mtu hujihubiria na kumaliza. Ligeuze kuwa maswali matatu: wapi ninalo tayari, wapi limenipungukia, na wapi limezidi hadi limekuwa kisingizio? La tatu ndilo linalolipa. Subira ya kuahirisha kwenda kumwona daktari wa meno kwa miezi minne haistahili kuitwa subira.

Zinazotisha

Mauti ikija, wageni wengi hufunga pakiti. Itazame kwa utulivu. Mifupa imevaa deraya, imepanda farasi mweupe, imeshika bendera nyeusi yenye ua jeupe. Mfalme ameshaanguka, mtoto anatazama bila kukimbia, na kwa mbali jua liko kati ya minara miwili. Swali lake: kipi kimekwisha tayari, na mimi bado nakihudumia? Linaweza kuwa kundi la mazungumzo ambalo hakuna anayelipenda tena. Ibilisi ana mwanamume na mwanamke waliofungwa minyororo shingoni, ila minyororo yenyewe imelegea, wangeweza kuivua. Uliza kipi unakiita lazima. Mnara uliopigwa na radi huuliza ni kipi umekijenga juu ya jambo usilolisema.

Ukiwa katika msiba au umetoka kupokea habari mbaya, toa hizi tatu kwenye pakiti bila aibu. Karata ni zako. Zoezi linalokuongezea hofu halikusaidii kufikiri.

«Karata hii inanifuata»

Haikufuati, na hesabu inaonyesha. Ukivuta moja kila siku kutoka pakiti nzima, ukirudisha na kuchanga upya, ikifika siku ya 11 uwezekano kwamba kuna karata uliyoiona mara mbili umeshapita nusu. Ikifika siku ya 30, karibu ni hakika. Vivyo hivyo ukivuta tatu kwa pamoja, takriban mara 64 katika 100 kutakuwa na turufu walau moja, kwa hiyo turufu kutokea si jambo la kushtua.

Hata hivyo karata iliyorudi ina matumizi. Fungua daftari pale ilipokuja mara ya kwanza, usome ulichoandika kabla ya kuitazama upya. Ukiandika sentensi ile ile, ama jambo halijasogea ama huitazami tena picha, unaikumbuka. Funika nusu ya juu kwa kiganja, uandike vitu vitano vya nusu ya chini peke yake.

Karata tatu, na lini

Moja inatosha siku nyingi. Tatu zifae mara moja kwa wiki, au jambo linapokuwa na pande zaidi ya moja. Tunashauri uache ule mpango wa jana, leo, kesho, maana ile ya tatu inamrudisha mtu kwenye kubashiri hata kama hakutaka. Tumia huu: hali ilivyo, ninachokikwepa, hatua. Andika nafasi hizo kwenye daftari kabla ya kuvuta, la sivyo mkono utaipeleka karata tamu kwenye nafasi tamu.

Kama una pakiti zote mbili, vuta mbili za taroti kwa nafasi mbili za kwanza na moja ya orakoli kwa ya tatu. Picha ya taroti ina mambo mengi ya kuchungua. Neno la orakoli linasukuma kuelekea kwenye kutenda. Ukizichanganya kinyume chake, unaishia na hali iliyoelezwa kwa neno moja na hatua iliyotawanyika.

Mpangilio wa msalaba wenye karata kumi ni maarufu, lakini kwa shughuli ya kila siku haufai. Katika picha kumi mtu hakosi moja ya kumuunga mkono kwa lolote aliloshaamua.

Jioni, na mwisho wa wiki

Kila ukurasa uwe na tarehe, swali, jina la karata, vitu vitano, sentensi, hatua. Acha mistari miwili chini. Jioni ijaze: hatua ilifanyika au la, na nini kilitokea ambacho karata haikugusa kabisa. Huo mstari wa pili ndio wanaousahau wengi, na pasipo huo daftari litaonekana kama karata hulenga kila siku. Andika pia siku zilizokosa.

Mwisho wa wiki tenga dakika 20 usome kurasa saba mfululizo. Tafuta kitenzi kinachojirudia katika sentensi zako. Ukiona «nilikubali» mara nne, swali la wiki ijayo umeshalipata.

Pasipowekwa karata

Ugonjwa, kesi, mkopo na mkataba vina watu wanaovijua. Karata inaweza kukusaidia kuona kwa nini unaahirisha kwenda kwao, haiwezi kuchukua nafasi yao. Siri za mwenzi wako pia si za mezani. Na ukijikuta unavuta mara tano sita kwa siku kwa swali lile lile, hapo ni wasiwasi umeshika pakiti. Ifungie wiki nzima, uzungumze na mtu unayemwamini, na ikiwa usingizi umekatika, na mshauri au daktari.

Kujitengenezea karata za methali

Pakiti bora ya orakoli kwa msomaji wa Kiswahili haihitaji kununuliwa. Chukua karatasi ngumu za ukubwa wa A4, uzito wa gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Karatasi moja hutoa karata 9 za milimita 63 kwa 88, tatu kwa tatu, na ukingo unabaki. Karatasi 4 zinakupa karata 36. Kata kwa wembe na rula ya chuma. Mkasi huacha kingo za mawimbi, na karata yenye wimbi utaitambua kwa kidole kabla ya kuifunua. Kalamu ya wino mzito hupenya hadi nyuma, ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki ukikiinua mwangani. Ya wino wa mafuta nayo, ukiikandamiza, huacha mabonde upande wa pili. Andika kwa mkono mwepesi juu ya kioo au meza ngumu.

Ziandike kwa jozi 18 zinazopingana, kila jozi na namba yake ndogo pembeni: 1a na 1b, 2a na 2b. «Subira huvuta heri» na «Ngoja ngoja huumiza matumbo». «Haraka haraka haina baraka» na «Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako». «Umoja ni nguvu» na «Mtegemea cha ndugu hufa maskini». «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu» na «Akili ni nywele, kila mtu ana zake». Jozi nyingine zitafute mwenyewe, na zikikaribiana tu kupingana zinatosha.

Ukivuta moja, usiisome peke yake. Tafuta mwenzake kwa namba, ziweke sambamba, uandike jibu la swali moja: kati ya hizi mbili, ipi nimekuwa nikiitumia kujitetea? Methali inayokujia mdomoni kwa urahisi kuliko zote huwa ndiyo hiyo. Kisha andika hatua ambayo ile nyingine ingeidai, na saa yake. Baada ya miezi mitatu kagua daftari: jozi ambayo kila ilipotoka uliandika sentensi ile ile, itoe uweke mpya yenye namba hiyo hiyo, uikate kwa kutumia karata ya zamani kama kipimo ili ukubwa usipishane.